Kongwe au Chakavu? Mjadala wa Mabehewa ya Abiria katika Reli ya Tanga, Moshi na Arusha

Ikisiri

Makala hii inafafanua mjadala wa wapenzi wa reli kuhusu mabehewa ya zamani ya abiria katika njia ya Kaskazini, yaani njia inayounganisha Tanga na Dar es Salaam na miji ya Moshi na Arusha. Inadai kwamba umri wa behewa haujulikani kwa mwaka lilipotoka kiwandani pekee, bali kwa hali ya njia linakopita, karakana inayolihudumia na muda liliosimama bila kazi. Inadai pia kwamba uchaguzi baina ya maneno mawili ya Kiswahili, kongwe na chakavu, si jambo la mtindo, kwa kuwa neno hutangulia uamuzi. Kinachobishaniwa ni hatima ya huduma ya abiria wa kipato cha chini katika stesheni za miteremko ya Kilimanjaro na Upare wakati taifa linaelekea katika reli ya geji ya kimataifa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi baada ya takribani robo karne. Oktoba 2020 huduma hiyo ilifikishwa Arusha. Miezi michache kabla ya safari ya kwanza ya abiria, Julai 2019, treni ya mizigo ilikuwa imetangulia na kuonesha kwamba njia iliyoota nyasi inaweza tena kubeba uzito.

Treni iliyoingia Moshi ilitazamwa kwa macho tofauti. Mzee aliyesafiri nayo katika miaka ya 1970 aliona kitu alichokijua. Kijana aliyezaliwa baada ya huduma kusitishwa aliona kitu kipya kabisa, ijapokuwa behewa lenyewe lingeweza kumzidi umri mara mbili. Fundi aliangalia chini ya sakafu, mahali ambapo abiria haangalii. Kutokana na mitazamo hiyo umezuka ubishi: je, kurejesha treni kwa mabehewa ya zamani ni kuifufua reli, au ni kuahirisha mazishi yake?

Mpenzi wa reli, kwa maana inayotumika katika makala hii, si lazima awe mwajiriwa au mtaalamu wa reli. Ni mtu anayefuatilia vichwa vya treni, mabehewa, stesheni na ratiba kwa hiari yake, akazikumbuka namba na kutofautisha vizazi vya mabehewa kama mfugaji anavyotofautisha ng'ombe wake. Katika mazingira ya Moshi kundi hili lina wastaafu wa shirika la reli, watoto wao waliokulia katika nyumba za reli, abiria wa zamani, wanafunzi wa uhandisi, na wageni wanaokuja kwa ajili ya mlima wakavutiwa na stesheni. Mara nyingi watafiti hulipuuza kundi hili kwa kudhani kwamba mapenzi huharibu hoja. Dhana hiyo haina msingi. Kumbukumbu ya mtu aliyeishi pembeni ya reli kwa miaka 40 ni ushahidi kama ushahidi mwingine wowote, na inahitaji kupimwa, si kubezwa.

2.0 Njia na mji

Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni ya Kijerumani. Ulikwenda kwa kusuasua. Mwaka 1896 reli ilikuwa imefika Muheza tu, umbali wa kilomita 40 hivi, na kampuni ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua mwaka 1899, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Buiko mwaka 1909. Moshi ilifikiwa mwaka 1911, na hivyo kilomita 352 kutoka Tanga zilikamilika katika muda wa miaka 18.

Kuna jambo ambalo wageni hulikosea kila mara. Kwa kuwa Kiswahili kina neno garimoshi, hudhaniwa kwamba mji uliitwa Moshi kwa sababu ya treni. Jina ni la kale kuliko reli: Moshi ya Mangi Rindi, huko juu mlimani, ilitajwa na wasafiri wa karne ya 19 kabla taruma la kwanza halijalazwa Tanga. Mangi Meli, mwanawe Rindi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 hukohuko Moshi ya Kale. Reli ilipofika uwandani, makao ya utawala na biashara yaliteremka kuifuata, na makazi mapya yakaitwa Moshi Mpya. Kwa hiyo reli haikuupa mji jina. Iliupa mahali. Anayeshuka leo stesheni na kutazama juu kuelekea Kibosho na Moshi ya Kale anaona umbali ambao mji ulisafiri ili kukutana na treni.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliongeza tawi. Novemba 1914 jeshi la Wajerumani lilitumia reli hiyo kuhamisha vikosi kutoka upande wa Moshi hadi Tanga na kuwashinda Waingereza waliokuwa wakishuka kutoka melini. Waingereza nao walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na Reli ya Usambara katika stesheni ya Kahe, kusini mashariki mwa Moshi. Tangu hapo kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Wakulima wa Kichagga walipoanzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933, biashara yao ilitegemea njia hizo. Mwaka 1929 Waingereza waliifikisha reli Arusha.

Kiungo cha mwisho ndicho chenye uzito zaidi kwa mjadala huu. Hadi miaka ya mwanzo ya Uhuru, Reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuunganishwa ndani ya Tanganyika. Behewa la Moshi halikuweza kufika Dar es Salaam kwa magurudumu yake. Njia ya Ruvu hadi Mnyusi, yenye urefu wa kilomita 188, ilifunguliwa mwaka 1963 na kuondoa kizuizi hicho. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi, ambayo wengi huihesabu kuwa masalia ya ukoloni, ni zao la Uhuru.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa. Tanzania ilipata sehemu ya mabehewa, lakini karakana kuu ya shirika la zamani ilibaki Nairobi. Mpaka ulifungwa na tawi la Kahe hadi Voi likapoteza maana. Baadaye barabara ya lami ikaimarika, mabasi yakaongezeka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni ya abiria ikatoweka Moshi. Ukodishaji wa shirika kwa kampuni ya RITES ya India, ulioanza mwaka 2007 na kuvunjika miaka michache baadaye, haukuirejesha. Shirika la Reli Tanzania la sasa liliundwa kwa sheria ya mwaka 2017.

3.0 Namna behewa linavyozeeka

Ubishi mwingi juu ya mabehewa ya zamani hukosa mwisho kwa sababu wanaobishana wanazungumzia sehemu tofauti za kitu kimoja. Hata istilahi inawachanganya. Mtaani neno bogi hutajwa kwa maana ya behewa zima. Kwa fundi, bogi ni ile fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, na kila behewa la abiria lina mbili. Abiria anaposema kwamba "bogi limechakaa" huenda ana maana ya viti vilivyochanika, na fundi akamwelewa kwamba treni ipo hatarini.

Behewa lina miili miwili. Mwili wa juu ni nyumba: paa, kuta, madirisha, viti, vitanda vya daraja la pili kulala, choo na nyaya za taa. Mwili wa chini ni chombo: chasisi, fremu za magurudumu, springi, breki na viungio vya kuunganisha behewa na jirani yake. Nyumba huzeeka mbele ya macho ya kila mtu. Chombo huzeeka kimya. Behewa lenye rangi mpya na mapazia linaweza kuwa na chasisi iliyoliwa na kutu, na behewa lenye viti vya mbao vilivyong'arishwa na nguo za abiria wa miaka 50 linaweza kuwa na magurudumu yaliyobadilishwa mwaka uliopita. Anayehukumu kwa kuangalia dirishani anahukumu nyumba na kuiacha nafsi ya chombo.

Magurudumu yenyewe hayana umri mmoja na behewa. Gurudumu huchakaa kwa kusuguana na reli, hasa katika ule ukingo wa ndani unaolizuia kutoka njiani. Likichakaa hupelekwa karakana, likakerezwa kwenye mashine hadi umbo lake lirudi. Kila kukerezwa hupunguza kipenyo chake, hata kufikia kipimo ambacho haliruhusiwi tena. Njia ya jadi ya kulikagua ni kuligonga kwa nyundo na kusikiliza: gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Mwanamke wa Kipare anayechagua chungu sokoni hufanya jambo lilelile kwa kidole.

Breki zinahitaji maelezo zaidi kwa sababu ya umbo la nchi. Katika breki ya upepo, bomba lenye hewa iliyobanwa hupita chini ya treni yote kutoka kichwani hadi behewa la mwisho. Hewa ikiwa imejaa, breki huachia. Hewa ikipungua, breki hukamata. Utaratibu huo ni wa usalama, kwani mpira wa kuunganisha ukikatika treni husimama yenyewe. Lakini una gharama: mpira mmoja uliokauka katika behewa moja huvujisha hewa ya treni nzima, na dereva hawezi kuondoka mpaka tatizo lipatikane. Arusha ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Moshi mita 800 na zaidi kidogo. Kwa umbali wa kilomita 86 treni inayotoka Arusha inashuka karibu mita 600. Katika njia ya namna hiyo hali ya mipira na mitungi ya hewa ni jambo zito kuliko mwaka wa kiwanda.

Jambo la tatu ni njia yenyewe. Reli nyepesi, mataruma yaliyolegea na kokoto zilizopungua hufanya behewa liyumbe, springi zifanye kazi kupita kiasi na viungio vivutane. Behewa jipya likiwekwa juu ya njia mbovu huzeeka upesi. Behewa la zamani likiwekwa juu ya njia nzuri hupumua. Treni ya Kaskazini inapita pia katika hali za hewa zinazopingana kwa siku moja: chumvi na unyevu wa pwani, vumbi kavu la Hedaru, Makanya na Same, kisha ubaridi wa Arusha. Chumvi hula bati, vumbi hula beringi.

Na la nne, ambalo wapenzi wa reli hulisisitiza kuliko wahasibu, ni kwamba behewa huchoka pia kwa kusimama. Liloachwa pembeni ya stesheni kwa miaka huvuja paa, maji yakakaa sakafuni, mpira ukapasuka, beringi zikashika kutu mahali pamoja. Kisha huja wenye kutafuta vyuma. Miaka ambayo njia ya Moshi ilikuwa imelala ilikuwa miaka ya biashara ya vyuma chakavu kushamiri nchini, na kitu chochote cha reli kisichotembea kilitazamwa kwa kilo zake. Hifadhi ya reli nayo ililimwa na kujengwa, na alama nyekundu za X zikaja baadaye kwenye kuta za waliojenga.

4.0 Neno na hatima

Kiswahili kina akiba ya maneno kwa vitu vilivyopitiwa na wakati, na maneno hayo hayalingani. Kuukuu husemwa hasa kwa nguo na vyombo vya nyumbani, nalo hudokeza kitu ambacho bado kinatumika kwa kukosa kingine. Kongwe hubeba heshima: mti mkongwe, mwanasiasa mkongwe, mji mkongwe. Chakavu humaanisha kilichomalizwa na matumizi, na kwa kuambatana na neno vyuma kimekuwa jina la bidhaa yenye bei na mnunuzi. Lipo pia la zamani, ambalo halihukumu, na kwa sababu hiyo halimridhishi yeyote katika mjadala.

Tofauti hizi zina matokeo. Behewa likiandikwa katika taarifa kuwa ni chakavu, hatua inayofuata inajulikana: kuondolewa katika matumizi, kuthaminiwa, kuuzwa. Likiitwa kongwe, swali linalofuata ni jingine: nani alilitengeneza, lilifanya kazi wapi, na nini kinahitajika ili liendelee. Hakuna kipimo cha karakana kinachotenganisha kongwe na chakavu. Kinachotenganisha ni nia ya anayesema, na nia hiyo kwa kawaida hutangulia ukaguzi.

Inafaa kukiri upande wa pili wa hoja, ambao wapenzi wa reli huupuuza. Neno kongwe linaweza kuficha hatari. Mtu anayelipenda behewa kwa sababu alisafiri nalo na marehemu baba yake hawezi kuaminiwa peke yake kuamua kama libebe watoto wa wengine. Abiria wa daraja la tatu hakununua tiketi ya makumbusho. Anataka kufika Same akiwa hai, akiwa na mzigo wake, na kwa saa iliyotajwa. Heshima kwa kitu cha zamani isiyoandamana na nyundo ya mkaguzi ni hisia tu.

5.0 Mwisho wa mwaka

Kila Desemba Wachagga waishio Dar es Salaam na kwingineko hurudi mlimani. Sababu zinajulikana: Krismasi, mikutano ya ukoo, maziko yaliyosubiri, ndoa, kukagua kihamba. Kwa majuma mawili au matatu mahitaji ya usafiri kwenda Moshi huzidi uwezo wa mabasi, nauli hubishaniwa vituoni, na tiketi hugeuka fedha. Treni ya 2019 ilirejea katika mwezi huohuo, na Desemba zilizofuata shirika limekuwa likiongeza mabehewa kwa ajili ya msimu.

Msimu huu ndio unaolipa behewa la zamani nafasi ya kujitetea, na ndio unaolimaliza. Treni ina sifa ambayo basi halina: inaweza kuongezewa mabehewa nyuma ya kichwa kilekile, na familia ikasafiri na magunia, magodoro na kuku bila kugombana na kondakta. Kwa hiyo mabehewa ya ziada yana maana katika njia ya Moshi kuliko katika njia zenye abiria wa kiwango kimoja mwaka mzima. Lakini behewa la akiba linaloitwa kazini kwa majuma matatu na kuachwa limesimama miezi mingine huzeeka kwa njia zote mbili zilizoelezwa hapo juu. Hubeba kupita kawaida, kisha husahauliwa. Ratiba ya namna hiyo haiwezi kuendeshwa kwa upakaji rangi wa Novemba. Inahitaji karakana inayolihesabu behewa la akiba kuwa behewa kamili.

Mazingira ya ushindani nayo yalibadilika. Treni iliporejea, mabasi ya abiria yalikuwa bado yamezuiwa kusafiri usiku kucha, na treni ilikuwa karibu njia pekee ya umma ya kulala Dar es Salaam na kuamkia Kaskazini. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Faida ya usiku, ambayo haikumgharimu mtu yeyote senti moja katika karakana, ikaondoka.

Stesheni za kati ndizo zinazobaki. Mji mkubwa una mbadala. Makanya, Lembeni na Kahe zina mbadala wachache. Treni inayosimama kila stesheni, hata kama ni ya polepole, humfaa mtu mwenye mikungu ya ndizi za mlimani anayekwenda kuziuza uwandani mahali pakavu. Katika hesabu za shirika abiria huyo ni mdogo kwa sababu anakwenda umbali mfupi. Katika maisha ya wilaya ya Same si mdogo.

6.0 Geji na soko la mabehewa yaliyotumika

Behewa halinunuliwi kama gari. Tanzania ina geji tatu: milimita 1,000 katika reli ya zamani ya TRC, milimita 1,067 katika TAZARA, na milimita 1,435 katika reli ya kisasa. Behewa la njia moja halipiti katika nyingine bila kubadilishiwa fremu za magurudumu. Kwa sababu hiyo Moshi inaweza kukopa behewa kutoka Tabora, lakini si kutoka Mbeya, na haiwezi kurithi kitu kutoka kwa treni ya umeme inayokwenda Dodoma.

Geji ya mita inazidi kupungua duniani. India, iliyokuwa na mtandao mkubwa wa geji hiyo, imekuwa ikiibadilisha kuwa geji pana tangu miaka ya 1990. Mabadiliko hayo yaliachia vichwa na mabehewa yaliyoweza kwenda Afrika, lakini hayawezi kuendelea kuachia daima. Mfano wa karibu zaidi ni wa Kenya. Mwaka 2020 Nairobi ilipokea treni 11 za dizeli zilizotumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, zilizotengenezwa miaka ya 1990 kwa geji ya mita, kwa ajili ya usafiri wa mijini. Wakosoaji waliuliza kwa nini nchi inanunua treni za robo karne. Watetezi walijibu kwamba zilikuwa changa kuliko mabehewa yaliyokuwa yakitumika. Pande zote mbili zilisema kweli, kwa kuwa kila upande ulipima umri kwa saa yake.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Oktoba 2012 treni ya abiria wa mjini ilipoanza kati ya Stesheni na Ubungo, kazi ilifanywa kwa mabehewa yaliyokarabatiwa, na wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mabehewa yaliyoundwa kwa safari ndefu yaligeuzwa kuwa ya dakika chache, yenye watu waliosimama. Uzoefu huo una somo la kiufundi kwa Moshi: safari fupi zenye vituo vingi huchosha breki na milango, safari ndefu huchosha magurudumu na vyoo. Ukarabati mmoja hauwezi kufaa kazi zote mbili.

7.0 Reli mpya na swali la hifadhi

Mpango wa serikali wa reli ya geji ya kimataifa kutoka Tanga kupitia Moshi na Arusha hadi Musoma una urefu unaozidi kilomita 1,000, pamoja na matawi ya Engaruka kwa ajili ya magadi na Minjingu kwa ajili ya fosfeti. Matawi hayo yanaonesha kwamba uhai wa njia hiyo unatarajiwa kutoka katika madini na shehena. Reli ya kasi hupunguza vituo. Haiwezi kusimama Hedaru na Makanya na bado ikawa ya kasi. Methali ya Kiswahili huonya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao. Wapenzi wa reli wakiitumia hapa watakosea nusu, maana msala huu haupiti: treni ya umeme imekuwa ikifanya kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na imeonesha kwamba abiria wanaipenda. Nusu nyingine ya methali inabaki imara. Hadi msala utandikwe Moshi, mbachao ndio unaolaliwa, na mtu hauchani mkeka anaoulalia.

Kuna sehemu ya mjadala ambayo sheria haijaifikia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, huwekea mipaka ya miaka vitu inavyovilinda moja kwa moja: vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, majengo ya kabla ya mwaka 1886, na milango ya mbao iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940. Reli nzima ya Usambara ni changa kuliko mipaka miwili ya mwanzo, na behewa si mlango. Stesheni, daraja au behewa linaweza kulindwa ikiwa tu waziri mwenye dhamana atalitangaza. Bila tangazo, behewa la Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililopo pembeni ya njia lina hadhi mbili tu mbele ya mamlaka, mali ya shirika au chuma.

Nairobi ilifungua makumbusho yake ya reli mwaka 1971. Miongoni mwa vichwa vya mvuke vilivyohifadhiwa humo kimo namba 5930 cha daraja la 59, kundi la vichwa 34 vilivyoundwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vilikuwa vizito mno kwa reli nyepesi ya Tanga na Moshi, na kazi yao ilikuwa katika njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi. Jina lililo ubavuni mwa 5930 ni Mount Shengena, kilele cha juu kabisa cha safu ya Upare, ambayo treni ya Moshi hupita chini yake kila inapokwenda na kurudi.